Nafasi Moja ya Lokwamor

Sogeeni karibu, na mwenye hukumu ya haraka aiweke mfukoni kwanza.

Wauguzi wasaidizi watatu walikutana juu ya lori la kwenda Lokwamor, kaskazini kwenye mchanga na miiba. Akiru alijaliwa ulimi: lugha na mila za kule alizijua. Kwamboka alijaliwa mgongo, gunia kwake halikuwa kitu. Sidi alijaliwa mikono. Akimgusa mgonjwa hujua pa kukaza na pa kulegeza. Kumbe wakala wa kazi alikuwa amewaahidi wote nafasi ile ile moja ya zahanati.

"Nitawatazama kwanza," alisema Ekidor, msimamizi wa zahanati. "Atakayebaki ni mmoja."

Sidi alimeza uchungu. Alikuwa amechoka na vibarua vya kuhamahama, na nafasi hii ilikuwa na chumba cha kuishi. Angemleta mwanawe, ambaye siku hizi alimwita bibi yake mama, na Sidi aliyemzaa alimwita shangazi.

Siku moja wakaitwa kwenye boma la familia moja. Mwanamke amejifungua, damu haikatiki. Lakini kwa mila ya pale mzazi hatoki nje mpaka mama mkwe amtemee mate ya baraka, na mama mkwe huyu alikuwa amenuna tangu harusi.

"Mimi sina mate ya huyo," alisema.

Akiru akapiga magoti. "Mama, mjukuu wako atanyonya kwa nani?" Akambembeleza mpaka kikongwe akatema.

Gari la zahanati lilikuwa ng'ambo ya korongo, na korongo sasa limejaa maji ya mvua. Kwamboka akamnyanyua mgonjwa mikononi, akaingia. Maji yalimfika kiunoni, yakamsukuma, naye hakuyumba.

Sidi alikwenda ubavuni mwao, ngumi imekandamiza tumbo la uzazi. Akilegeza kidogo, damu inarudi. Hakulegeza, mtoni wala garini, hata vidole vilipokufa ganzi.

Mzazi akapona.

"Aliyemwokoa ndiye atakayebaki," alisema Ekidor. "Amueni wenyewe. Wengine wataondoka na lori kesho."

"Bila mimi mngekwama mlangoni," alisema Akiru.

"Na bila mimi mngekaa ukingoni mkiubembeleza mto," alisema Kwamboka.

"Mngefikisha maiti," alisema Sidi.

Tangu wafike walikuwa wakila kutoka sufuria moja. Jioni hiyo kila mtu alijipikia chake. Sidi akajikuta anatamani mmoja wao angeshindwa siku ile, ndipo akakumbuka kwamba kushindwa huko kungekuwa kifo cha mzazi. Akajichukia, lakini kazi bado aliitaka.

Sasa ni asubuhi. Lori linanguruma, Ekidor anangoja jibu, na mabegi matatu yamepangwa nje ya mlango wa chumba kimoja. Wewe unayenisikiliza, ungerudisha begi la nani ndani? Na wale wawili ungewaambia nini wakipanda?