Dirhamu Nyeusi ya Sheikh Numani

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Wasiti aliishi kijana mcha Mungu jina lake Maisara bin Tarifu, mthamini wa sarafu za kale. Matajiri wa zama hizo walipenda kukusanya dinari na dirhamu za wafalme waliopita, si za kununulia nyama, bali za kutazamwa na kujivunia. Maisara ndiye aliyewaambia ipi inapanda bei na ipi inashuka. Alikuwa na kauli yake: "Sarafu ya kale haina bei mpaka apatikane anayeitaka."

Na ilikuwa desturi ya wathamini wa mji ule kwamba mtu hataji bei sarafu ingali mkononi mwake. Huiweka kwanza juu ya mkeka, akapiga bismillahi, ndipo akasema. Waliona mkono ulioshika kitu hukitaka, na ulimi huufuata mkono.

Sasa, Maisara huyu alikuwa amemposa Lubaba, binti wa Sheikh Numani. Alimpenda sana, nami siwafichi, maana kumpenda unayetaka kumuoa si aibu. Sheikh Numani alikuwa mtu wa sala na sadaka, ila alikuwa na udhaifu mmoja: dirhamu nyeusi aliyorithi kwa babu yake, yenye sura ya mfalme wa Kiajemi aliyevaa taji. Mgeni hakupewa maji nyumbani kwake kabla ya kuonyeshwa dirhamu ile. Msicheke, na nyinyi mnazo sahani kabatini ambazo hazijawahi kuonja chakula.

Siku moja akaja tajiri kutoka Rayi, Bwana Bundari, akaitaka dirhamu ile kwa badali ya shamba lake la mitende lililo kando ya mto. Sheikh akaona heri imemshukia. Akamwita Maisara aithamini mbele ya mashahidi, na kabla hajaketi akamnong'oneza, "Mwanangu, tukilimaliza hili, nikah yako tunaifunga leo leo. Na shamba litakuwa la Lubaba."

Maisara akaichukua dirhamu, akaigeuza. Ilikuwa ya kweli, fedha safi. Lakini mwezi ule alikwisha kuziona nyingine kama hiyo katika misafara ya kaskazini, zote zina udongo mwekundu kwenye herufi. Mtu wa kazi yake hahitaji kuambiwa: huko kumefukuliwa mtungi mzima wa dirhamu hizo, na kabla mvua hazijaisha zitajaa sokoni. Pale barazani hakuna aliyelijua hilo ila yeye na Mola wake.

Shetani akamjia na hoja nzuri, maana hoja mbovu huwaletea wapumbavu tu. Wewe umeulizwa bei ya leo, akamwambia, nani kakuuliza ya kesho? Maisara akaihisi dirhamu ilivyopata joto kiganjani, naye aliitaka ile bei kuliko Sheikh mwenyewe. Akaiweka mkekani. Akapiga bismillahi.

"Ni ya kweli," akasema, "na mwaka jana ingefikia shamba. Lakini zinakuja nyingine nyingi kutoka kaskazini. Mvua zikiisha haitazidi bei ya mbuzi. Bwana Bundari, ukitoa shamba utajuta."

Bundari akamshukuru, akaaga. Uso wa Sheikh Numani ukaiva.

"Nimekuita unithaminie mali," akasema, "nawe umeniaibisha mbele za watu. Nenda zako, kijana. Binti yangu simwozi mtu asiyejua kunyamaza."

"Nisamehe, ami," akajibu Maisara. "Ningenyamaza, tungekula tende za mtu niliyemdanganya."

Akaenda zake, na usiku ule alilia. Akawa anazunguka njia ya mbali asiipite nyumba ile, lakini hakumtaja Sheikh kwa ubaya hata kwa rafiki zake. Mvua zikaja. Dirhamu za kaskazini nazo zikaja, tena kwa magunia, hata Sheikh Numani akazikuta zimetandazwa kwenye jamvi pembeni mwa wauza vitunguu. Alirudi nyumbani mpole sana.

"Lubaba," akasema, "kijana yule aliniokoa na mali ya dhuluma, nami nikamfukuza. Nimfanyie nini?"

Lubaba alikuwa akiingoja siku hiyo kwa dua na subira. "Mwite, baba," akasema. "Na mahari yangu nimekwisha kuichagua. Nataka dirhamu yako nyeusi."

"Hii? Haina thamani tena, binti yangu."

"Kwangu inayo. Mtu aliyekataa kusema uongo ili anipate, hataniambia uongo akishanipata."

Maisara akaitwa, baraza ile ile, mashahidi wale wale. Sheikh akampa dirhamu mkononi. "Lubaba anaitaka hii iwe mahari yake," akasema, "kwa hiyo huna budi kuinunua kwangu. Haya, mthamini, taja bei."

Watu wakacheka, maana bei wote waliijua. Wakangoja aiweke mkekani. Hakuiweka.

"Mbona huiweki chini?" akauliza Sheikh.

"Ami yangu, leo sikuja kuthamini, nimekuja kununua," akasema Maisara, na furaha imemjaa. "Na bei imepanda. Amepatikana anayeitaka. Sema utakacho."

Sheikh Numani akacheka mpaka akafuta machozi. "Basi nipe mbuzi," akasema, "tumchinje kwenye harusi yako."

Enyi waumini, kweli nayo ina msimu wake wa bei ya chini, na hapo ndipo wengi wetu huiuza. Mola atujaalie subira ya kungoja mvua zipite, amina. Na mbuzi yule, wanasimulia, alikuwa mnono.