Laptop ya Sekela na Kiti Kimoja cha Jukwaani

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana mbuzi waliokuwepo siku hiyo bado wanakula majani, kule Tukuyu kulikuwa na msichana aitwaye Sekela. Alichaguliwa kwenda chuo kusomea sayansi ya kompyuta. Nyumba nzima ikacheza! Majirani wakadhani ni harusi, wakaja na vigelegele. Walipoambiwa si harusi, wakaendelea kula.

Lakini kompyuta hakuwa nayo. Basi akaenda Mbeya mjini kununua laptop, akifuatana na watu watatu: binamu yake Lugano, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni; mjomba wake Ambakisye, fundi redio; na shangazi yake Tusajigwe, mshona nguo, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta maishani.

Lugano akawapeleka kwenye duka alilolijua. Sekela akaona laptop nyekundu, nyembamba, herufi zake zinawaka taa. Akaikumbatia.

"Hii hapa! Tumemaliza!"

"Dada, hii ni ya kutazamia filamu," Lugano akasema. "Ukifungua programu tatu inaganda kama ugali wa jana. Chukua ile nyeusi, ina kumbukumbu ya gigi kumi na sita."

Sekela akanuna, akairudisha. Muuzaji akaanza kuifunga nyeusi. Mjomba akachomoa bisibisi mfukoni.

"Mzee, usifungue!"

Mjomba alikwishafungua. "Nje mmeandika kumi na sita. Ndani naona nane. Nane nyingine ziko wapi, mwanangu?"

Muuzaji akakohoa, akaingia chumba cha nyuma, akarudi nazo.

Wakaelekea mlangoni. Shangazi akavuta kiti, akakaa.

"Iwasheni kwanza, kisha chomoeni waya wa umeme."

Wakawasha, wakachomoa. Shangazi akaanza wimbo wa kwaya. Ubeti wa pili haujaisha, laptop ikazima!

"Umeme wetu mnaujua," akasema. "Siondoki bila betri nzima."

Akaimba. Wateja wakaitikia. Wapita njia wakaingia, wakapiga makofi, mlango ukaziba. Muuzaji akaleta betri mpya mbio mbio. Shangazi akaijaribu hiyo nayo kwa nyimbo tisa.

Mwisho wa mwaka ukaja mtihani wa vitendo, kila mwanafunzi na laptop yake. Katikati ya mtihani, umeme ukakatika. Laptop za wenzake, nyingine zikazima kwa betri mbovu, nyingine zikaganda kwa kumbukumbu ndogo. Ya Sekela ikachapa kazi hadi mwisho. Akawa wa kwanza!

Chuo kikamwambia: siku ya tuzo utapanda jukwaani na mtu mmoja aliyekuwezesha, naye atavishwa shada la maua. Kiti cha mgeni ni kimoja tu.

Wakaja watatu, wote wamependeza.

"Bila mimi ungebeba ile nyekundu," akasema Lugano. "Ingeganda swali la kwanza."

"Wewe si ndiye uliyetupeleka kwa yule mjanja?" mjomba akafoka. "Bila bisibisi yangu, kumi na sita yako ingebaki maandishi!"

"Jamani," akasema shangazi, akitengeneza kilemba chake, "umeme ulipokatika, hizo kumbukumbu zenu zingekumbuka nini gizani?"

Msema chochote, yaani mshereheshaji, akaita: "Sekela na mgeni wake!"

Wote watatu wakasimama. Ukumbi ukaangua kicheko. Sekela mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu, huku machozi yanamtoka, kwa kuwa aliwapenda wote.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, shada ni moja na shingo ni tatu. Je, lilistahili kuvishwa nani?