Pumzi Ndefu ya Nyani

Paukwa!

— Pakawa!

Sauti gani hiyo, ya mgonjwa? Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na maji.

— Maji gani?

Maji ya moto.

— Yalimuunguza nani?

Kaeni vizuri mtajua. Na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize. Hadithi hii hunipandisha hasira kila ninapoisimulia, na leo sikuja kumbembeleza mtu.

Hapo zamani za kale, zamani sana, kabla kanga hajajua kupiga kelele, palikuwa na chemchemi ya maji moto katikati ya bonde. Juu, penye mawe, ndipo lilipokuwa jicho lake. Hapo maji yalichemka kutwa kucha, mvuke unafuka, na ukitia mguu umekwisha. Kutoka pale maji yaliteremka taratibu, yakapoa njiani, yakaingia kwenye bwawa kubwa lenye kina. Bwawani yalikuwa ya uvuguvugu, mazuri ajabu. Ukiingia na maumivu ya mgongo, unatoka unacheza ngoma.

Wanyama walitoka mbali kuja kuoga pale. Walikuja na watoto wao, walikuja na wazee wao. Wengine waliogelea, wengine walipanda mwamba wakajirusha majini. Ukingoni mwa bwawa palikuwa na matete marefu, na nyuma ya matete kulikuwa na kichaka. Katika kichaka hicho Kanga alitaga mayai yake. Alitaga hapo kwa sababu ardhi ilikuwa na joto, na mama yeyote mwenye akili angetaga hapo hapo.

Mayai kumi. Kanga aliyaangalia akafurahi mpaka akasahau njaa.

Sasa, bwawani kulikuwa na bingwa. Bingwa mwenyewe Nyani. Huyo alijua kuzama, au ndivyo watu walivyosema. Alikuwa anapanda juu ya mwamba, anajipiga kifua, anaita, "Jamani, nihesabieni!" Kisha anajirusha, chubwi!

Pimbi alikaa juu ya jiwe, kazi yake kuhesabu. Kiboko, mzee wa bwawa, kazi yake kuamua. Ngiri kazi yake ilikuwa makelele tu. Wote wakapiga makofi na kuimba:

*Kazama, kazama,*
*Nyani kazama!*
*Hapumui, hapumui,*
*Bingwa hapumui!*

Pimbi akahesabu moja, mbili, tatu, mpaka mia. Kichwa hakijatokea. Akahesabu mpaka mia mbili. Ndipo Nyani akaibuka katikati ya bwawa, anacheka, maji yanamtiririka puani. Bwawa zima likalipuka kwa vigelegele.

Siku hiyo Kanga alikuwa ametoka kidogo kutafuta mchwa. Aliporudi kichakani alikuta majani yamelala na mayai hakuna. Hata moja. Akakimbilia bwawani.

"Jamani, jamani! Mayai yangu! Nani ameyaona mayai yangu?"

Nyani akajibu yeye wa kwanza. "Pole sana, mama Kanga. Sisi tuko majini tangu asubuhi. Hebu niangalie nilivyolowa. Mtu aliyelowa hivi ameiba mayai saa ngapi?"

Kiboko akasema, "Mama, Nyani alikuwa chini ya maji. Nimemwona kwa macho yangu."

Pimbi akasema, "Nimemhesabia mwenyewe."

Ngiri akasema, "Haki ya Mungu, alikuwa chini."

Waongo! Waongo wakubwa! Kiboko aliona nini? Alimwona Nyani akiingia na alimwona Nyani akitoka. Hapo katikati aliona maji. Lakini neno likamtoka, nimemwona, nyepesi kama kutema mate.

Nilitaka niwafiche alivyofanya Nyani, ila siwezi, moyo unaniwaka. Alikuwa hazami hata hatua kumi. Alikuwa anapita chini chini mpaka kwenye matete, anatoka upande wa pili, anabeba mayai ndani ya kikapu, anapanda nayo, mvuke ukimficha, mpaka kwenye jicho la chemchemi, anakitumbukiza kikapu kwenye maji yanayochemka, anakitoa, anakificha. Kisha anarudi majini kimya kimya na kuibuka katikati ya bwawa. Na muda wote huo wale wapumbavu wanaimba hapumui, hapumui! Alikuwa anapumua vizuri tu, kuliko wao.

Na bado hamjasikia. Jioni Nyani alikuja na kitu kimepondwapondwa juu ya jani la mgomba. "Karibuni, ndugu zangu," akasema. "Nimewachemshia viazi vya porini." Wakala. Kiboko alionja, Pimbi alionja, Ngiri alilamba na jani. Viazi vyeupe vilivyochanganyika na njano! Nani kati yenu ameshawahi kuchimba kiazi chenye kiini? Waliiona ile njano, wote waliiona, na hakuna aliyefungua mdomo kuuliza. Walifungua mdomo kula.

Kanga alilia siku mbili. Siku ya tatu akafuta machozi akataga tena. Safari hii mayai sita.

Akayaatamia. Siku moja jua lilipokuwa kali akatoka kidogo kunywa maji. Huku nyuma akasikia wimbo:

*Kazama, kazama,*
*Nyani kazama!*
*Hapumui, hapumui,*
*Bingwa hapumui!*

Hakuutilia maanani. Watu wanaogelea, wanacheza, yeye inamhusu nini? Aliporudi, mayai hakuna.

Akaenda bwawani, sasa halii, sasa anafoka. "Mzee Kiboko! Mayai yangu yamechukuliwa mara ya pili. Naomba mtoke majini mje kichakani muone. Kuna nyayo. Njooni muone tu, sitaki kingine."

Nani alitoka? Hakuna. Maji yalikuwa mazuri.

"Mama," akasema Kiboko, "nyayo ziko kila mahali. Huku wanapita wanyama wengi."

"Nyani alikuwa wapi?"

"Alikuwa chini ya maji. Nimemwona."

"Nimemhesabia," akasema Pimbi. "Mia mbili na kumi. Alivunja rekodi yake mwenyewe!"

Ngiri akacheka. "Halafu wewe mama, una hakika ulitaga? Isije ikawa unatuharibia siku bure."

Una hakika ulitaga! Muulizeni mama yenu swali hilo muone kama mtalala na meno yenu. Kanga alimtazama Ngiri, akaondoka. Na jioni vile viazi vikapita tena, Kanga kutoka kichakani akawasikia tena wakivisifu, na Ngiri akaomba aongezewe.

Kanga akataga mara ya tatu. Mayai manne. Mwili ulikuwa umechoka na mvua zilikuwa zinakatika. Alijua hayo ndiyo ya mwisho. Asipoyaangua hayo manne, mwaka huo hana mtoto, na mwaka unaofuata hajui kama atakuwa hai.

Akayakalia. Siku ya kwanza hakutoka. Siku ya pili hakutoka. Siku ya tatu alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Akaona, nikifia hapa na mayai yatakufa. Akajikokota mpaka kwenye kichuguu kilicho ng'ambo ya njia, adonoe mchwa wawili watatu arudi.

Hajameza hata mmoja, akasikia:

*Kazama, kazama,*
*Nyani kazama!*

Kanga akasimama. Mara ya kwanza alipokwenda kutafuta mchwa, waliimba. Mara ya pili alipokwenda kunywa maji, waliimba. Kila yeye akitoka, Nyani anazama. Kila Nyani akizama, mayai yanaondoka. Kichwa kikamfunguka.

Akakimbia kichakani. Hakuna kitu! Pale yalipokuwa mayai, majani bado yana joto la tumbo lake, na nyayo mbichi zinapanda kwenye mawe kuelekea jicho la chemchemi. Akakimbia bwawani. Pimbi alikuwa amefika themanini.

"Mzee Kiboko! Nyani yuko wapi?"

"Yuko chini."

"Unamwona?"

"Namwona."

"Basi zama umguse! Zama sasa hivi! Kama yumo, mimi nitahama bonde hili na hamtanisikia tena. Kama hayumo, mayai yangu yanakwenda motoni!"

Mnajua walimjibu nini? Walimjibu, "Shhh!"

"Usimpoteze Pimbi hesabu," akasema Ngiri. "Leo anakwenda mia mbili na hamsini!"

"Tisini na tano," akasema Pimbi. "Tisini na sita."

"Jamani, watoto wangu!"

"Mama, subiri amalize," akasema Kiboko. "Nikizama mimi maji yatatibuka, tutamharibia. Akimaliza tutazungumza kwa utaratibu."

Kwa utaratibu! Maji ya lile jicho yanaivisha yai kabla hujamaliza kumtukana mtu, na yeye anataka utaratibu! Kanga aliruka akatua juu ya kichwa cha Kiboko, akamdonoa katikati ya macho. Akamdonoa tena. Akamdonoa mara ya tatu, mpaka Kiboko akaona aibu mbele za watu, akanguruma, "Haya! Haya! Ngoja nikuonyeshe uongo wako!"

Akazama. Alikaa chini muda mrefu. Akatembea bwawa zima, mwanzo mpaka mwisho, macho wazi.

Alipoibuka, Pimbi alikuwa amefika mia moja na sitini. Kiboko akatikisa kichwa. Pimbi akaacha kuhesabu, na wimbo ukakatika wenyewe.

"Hayumo," akasema Kiboko.

Kanga hakungoja. Alikwisha kuruka kupitia matete, akapanda kwenye mawe, akaingia kwenye mvuke, na wengine wote wakamfuata mbio. Wakamkuta Nyani amechuchumaa kando ya jicho, mgongo kwao, anavuta kikapu kutoka kwenye maji, anajiimbia polepole, hapumui, hapumui.

"Nyani!" akaita Kanga.

Nyani akageuka. Akawaona wote. Akaanza kusema, "Ndugu zangu, mimi nilikuwa tu…" huku anarudi nyuma. Akarudi hatua moja, akarudi hatua mbili, ya tatu akakaa kitako. Alikaa wapi?

— Kwenye jicho!

Kwenye jicho la chemchemi! Alivyoruka, manyoya ya matako yalibaki majini. Akakimbilia porini anapiga mayowe, na mpaka leo ukimwona Nyani kwa nyuma utaona pale alipokalia, pekundu, hapajaota kitu.

Mnacheka? Na wao walicheka. Ngiri alicheka mpaka akaanguka. Pimbi akapiga makofi, na wengine wakadakia.

Kanga akawageukia. "Mnapiga makofi tena?"

Mikono ikashuka.

Akakivuta kikapu. Akatoa yai la kwanza, bado linafuka mvuke, akaliweka mbele ya Kiboko.

"Hili la kwako. Wewe ulimwona kwa macho yako."

Akatoa la pili, akaliweka mbele ya Pimbi. "Hili la kwako. Wewe ulimhesabia."

Akatoa la tatu, akaliweka mbele ya Ngiri. "Wewe uliniuliza kama nina hakika nilitaga. Lishike."

Ngiri hakushika.

"Lishike!"

Ngiri akalishika. Lilikuwa la moto, na hakuthubutu kulitua.

"Ndivyo vile viazi vyenu," akasema Kanga. "Mmevila mara mbili, mlikuwa mnamenyewa na kupondewa. Leo menyeni wenyewe."

Hakuna aliyemenya. Kiboko mzima, mwenye mdomo wa kumeza mtumbwi, aliangalia chini mbele ya yai moja. Akajaribu kusema, "Mama, utusamehe, sisi hatukujua."

"Mlikuwa hamjui," akasema Kanga, "na mliapa."

Yai la nne akalibeba chini ya ubawa, akaenda nalo kichakani. Akachimba kwa miguu yake, akalizika, akasawazisha udongo. Kisha akaliacha bonde lile, hakugeuka nyuma. Tangu siku hiyo kanga hatembei peke yake, na akiona kitu kinajongea kwenye majani hapigi hodi wala hamuulizi mzee. Anapiga kelele hapo hapo, mpaka pori zima lisikie.

Mafunzo nayasema waziwazi, asije mtu kesho akaniambia hakuelewa. Ukisema umeona, uwe umeona. Usimwapie mtu kwa sababu anakufurahisha, au kwa sababu anakulisha. Mwenye kulia mbele yako akikuomba utoke kwenye raha yako hatua kumi tu ukaangalie, toka ukaangalie. Ukikaa, ukaimba, basi mkono ulioiba ni wa Nyani na wako pia.

Hadithi yangu naitua hapa chini. Aliyechomwa nayo ajipulize mwenyewe; mimi nimechoka, ondokeni mbele yangu mkanawe mle.

— Tumeipokea!

Haya.