Mnana na Viota Thelathini

Paukwa!

— Pakawa!

Sogeeni basi, na mwenye usingizi akaegemee ukuta.

Zamani hizo za kale, ndege walipokuwa na shule na shule ikiwa na mkaguzi, aliishi Mnana, fundi wa kusuka viota. Kiota chake kilining'inia kwenye mgunga, juu ya mto. Upepo ukikipiga, kinabembea tu, hakianguki. Kwa hiyo akapewa wanana wachanga thelathini awafundishe kabla ya masika.

Mmoja wao, Mkunde, alifunga fundo, likaachia.

"Lete hapa!" Mnana akalifunga mwenyewe.

La pili likalegea. "Lete hapa!"

La tatu Mkunde hakulianza. Alimpelekea mwalimu ukindu. "Lete hapa!" Na wenzake vivyo hivyo.

Siku ya ukaguzi akaja Hondohondo, ambaye tangu azaliwe hajasuka hata unyasi mmoja, maana kwao hulala kwenye shimo la mti. Akatazama viota thelathini, vyote sawasawa kama punje za mtama.

"Mwalimu hodari! Mwalimu hodari! Mwalimu hodari!"

Mnana akatembea kifua mbele siku saba.

Mkunde akaoa, akasuka kiota chake peke yake. Mvua ya kwanza ikakifumua, na mayai mawili yakaenda na mto. Mnana alimkuta juu ya tawi, ameloa chepechepe.

"Mwalimu, nisukie kingine."

Mnana akarudi kwake kichwa chini. "Watoto wa siku hizi wazito," akamwambia mkewe.

"Wazito?" mkewe akasema. "Msimu mzima umeufundisha mdomo wako, nao ulikuwa unajua tangu zamani."

Neno hilo likamwingia. Mwaka uliofuata Mkunde na wenzake wakarudi darasani, na mwalimu akabana unyasi mdomoni asije akasema "Lete hapa". Fundo la Mkunde likaachia. Mnana akawashwa mwili mzima kwa hamu ya kulifunga mwenyewe, akatema unyasi.

"Limeachia wapi?"

"Hapa."

"Kwa nini?"

"Sikupitisha chini."

"Haya, pitisha."

Likaachia tena. Mara ya tatu likashika.

Hondohondo akaja, akakuta viota vimepinda, kimoja mlango uko juu.

"Mwalimu dhaifu! Mwalimu dhaifu! Mwalimu dhaifu!"

Mnana akafukuzwa. Nafasi yake akapewa Kasuku, ajuaye kutamka "kiota" kwa lugha saba.

Masika yakaingia. Mvua ikanyesha siku tatu, na Mnana akakaa mlangoni na ukindu wake tayari. Siku ya kwanza hakuitwa. Ya pili hakuitwa. Ya tatu akanuna.

"Hata mmoja, mke wangu? Hata mmoja?"

Mkewe akacheka mpaka kiota kikatikisika. Hapo Mkunde akapita mbio, kiwavi mdomoni, na hata salamu hakutoa. Alijitosa ndani ya kiota chake kilichopinda, na makinda wakaanza kupiga kelele za njaa.

Yangu imeishia hapo. Mwenye yake na aitoe.