Panya Aliyekataa Kumfungulia Babu Paka

Hapo zamani za kale, zamani za kale kweli, kabla hata kazi haijaanza kutangazwa gazetini huku mwenye kuipata keshajulikana, palikuwa na mtaa wa wanyama uitwao Mikwajuni. Sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio.

Mtaani hapo aliishi Paka mmoja mzee. Mzee, yaani mzee. Meno yalikuwa yamemtoka yote isipokuwa moja la kushoto, nalo lilibaki kwa ukaidi tu. Masikio hayasikii vizuri, macho yana ukungu. Akiamka, kwanza magoti yanasema ka-ka-ka, ndipo mwenyewe anafuata. Lakini nyumba yake ilikuwa nyumba! Matofali ya kuchoma, bati juu, dirisha moja karibu na paa lililozibwa kwa wavu wa kamba, na mlango wa mninga ambao hata Nyati akiupiga bega, anarudi kwake na bega linauma.

Ndani ya nyumba hiyo aliishi na Panya.

Najua mnachotaka kuuliza. Mtaa mzima uliuliza. Paka na panya nyumba moja, how? Panya mwenyewe alieleza hivi: alipokuwa kachanga, hana hata manyoya, Paka alimpokonya kinywani mwa nyoka akamweka pembeni awe kitafunwa cha asubuhi. Asubuhi ikafika, Paka akasahau. Alipokuja kukumbuka, kale katoto kalikuwa tayari kanamwita Babu. Sasa utamtafunaje mtu anayekuita babu? Basi, yakaisha.

Miaka ikapita, Babu akachoka, mjukuu akawa mlezi. Panya alimchana manyoya, akampandisha kwa ngazi ya ndani kumwanika juani pale dirishani, akambadilishia mchanga wa kujisaidia. Na mlango akaufunga. Hapo kwenye mlango ndipo palipokuwa na ugomvi. Masika yaliyopita Babu alitoka kwenda matembezi, akasahau njia ya kurudi. Walimkuta chini ya ghala la Mama Mbuzi amelowa chapachapa, hajui yuko wapi, na matope yote kuzunguka ghala yamejaa nyayo za fisi. Tangu siku hiyo Panya alisema hatoki mtu.

Babu alinuna. Aligoma kula. Alikaa mbele ya mlango akilia nyaaau, nyaaau, akimwita mjukuu wake askari magereza. Panya alisikiliza matusi yote mpaka mwisho, akamfuta mdomo, akauacha mlango vilevile.

Haya. Huyu Paka alikuwa na mpwa, jina lake Chui. Mpwa kwa ukoo tu, maana Babu alipokuwa akiumwa hakumletea hata chungwa. Lakini mwaka huo Chui alikuwa anagombea ujumbe wa mtaa, na nyie mnawajua wagombea. Mtu hajawahi kukusalimia maisha yako yote, ghafla anajua mpaka jina la bibi yako. Meneja wake wa kampeni alikuwa Fisi, mwenye vyeo vitatu, na katika hivyo vitatu kazi hata moja haionekani.

Jioni moja wawili hao walisimama nyuma ya nyumba ya Paka wakaongea. Hawakujua kwamba Panya alikuwa amejikunyata kwenye tundu la ukuta, pale pale nyuma ya vichwa vyao. Chui alimweleza Fisi kwamba nyumba ile imemkaa moyoni siku nyingi. Kumwua mzee hadharani haiwezekani, wapiga kura watasema. Ila akitolewa nje kwa heshima, kwa nyimbo na vigelegele, usiku mmoja wa baridi unatosha.

"Nyumba yangu, mzoga wako," akasema Chui.

"Deal," akajibu Fisi, na mate yakamdondoka hadi kwenye vidole.

Kesho yake wakaanza kazi. Chui akaja chini ya dirisha, akapaza sauti ili mzee asikie, akamwambia kwamba mwanamume hafungiwi ndani kama kuku anayeatamia. Akamweleza habari za panzi wanono na majani yenye umande. Babu alisikiliza, na mkia wake, ambao ulikuwa haujacheza miezi mingi, ukacheza. Fisi naye akapita nyumba kwa nyumba akitangaza haki za wazee, freedom of movement, na kwamba stakeholders wote lazima washirikishwe. Majirani hawakuelewa, wakaitikia kwa vichwa tu, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza.

Ijumaa, Mzee Kobe, mwenyekiti wa baraza, akaitisha kikao mbele ya nyumba ya Paka. Wakaja wote: Mama Mbuzi na wanawe, Bata, Kanga, Punda, mpaka Nyati. Panya akatoka kupitia upenyo chini ya mlango, upenyo usiopitisha mwingine yeyote. Komeo lilikuwa kwa ndani. Maana yake, mlango ule angeufungua yeye au usingefunguliwa.

Kobe akajikohoza, akasema taratibu kwamba amepokea malalamiko. Mpwa anamtaka mjomba wake. Mpwa ni ndugu. Panya, pamoja na mema yake yote, si ndugu, ni mpangaji asiyelipa. Wengine wakaguna kwamba ni kweli. Punda akaongeza kuwa amemsikia mzee akilia mlangoni, na kilio kile si cha mtu mwenye raha.

Panya akawatazama mmoja mmoja. Angesema alichokisikia nyuma ya nyumba? Nani angeamini neno la panya dhidi ya neno la mgombea? Angekataa? Nyati alikuwa pale, na bati si mninga, lingeng'olewa kwa amri ya baraza. Akainua macho. Babu yuko dirishani, nyuma ya wavu, shingo ameinyosha kuelekea sauti ya Chui. Anataka kwenda. Masikini, anataka kabisa.

"Sikatai," akasema Panya. "Mchukueni."

Fisi akacheka hihihi kabla hajajizuia. Chui akamkanyaga mguu.

"Ila," Panya akaendelea, "mwenyekiti, hata ofisini mtu hachukui kiti mpaka aonyeshwe kazi. Mimi nina kazi humu ndani. Nataka kuwakabidhi. Wafanye mbele yenu mara moja tu, mwone wameiweza, nami nikalale na amani. Ni neno baya hilo?"

Kobe akasema si baya. Mama Mbuzi akasema ni neno zuri sana. Na Chui, ambaye siku tatu nzima alikuwa ametangaza kwamba anamchukua mzee kwa mapenzi, angesema nini? Akatoa tabasamu la kampeni, akasema yuko tayari.

Panya akaingia ndani, akarudi na samaki aliyechemshwa, vipande kwenye kifuu cha nazi. Akaeleza kwamba Babu hana meno. Mlezi anatafuna, analainisha, anatema kwenye kifuu, mzee analamba. Ndiyo chakula chake asubuhi na jioni. Nani ataanza?

"Mimi," Fisi akasema, kabla hata swali halijaisha.

Akachukua kipande. Nyam, nyam, gu. Akatazama kifuu. Kifuu kitupu.

"Kimeteleza," akasema.

Akapewa cha pili. Watoto wa mbuzi wakasogea kuona vizuri. Fisi akatafuna polepole, macho ameyafumba kwa uchungu, jasho linamtoka, akakileta kipande mpaka kwenye meno ya mbele kabisa, mtaa mzima umebana pumzi, halafu gu. Kikaenda.

Kicheko kikaanza pembeni kwa Kanga. Panya hakucheka. Akasema kwa upole kwamba kazi ni ngumu mwanzoni, ndugu Fisi asikate tamaa, kuna kipande cha mwisho. Fisi akakipokea na kifuu chenyewe, ili awe karibu na pa kutemea. Akatafuna, akatafuna, ikasikika kach, kach, kach, na alipofungua mdomo hapakuwa na samaki wala kifuu.

Kobe akakitafuta kifuu chini, hakukiona. "Wewe, kijana," akamwambia Fisi, "ukipewa mzee, huyo mzee tutamkuta?"

Fisi akaenda kukaa nyuma kabisa.

Akabaki Chui. Huyu si mpumbavu. Akasema chakula si tatizo, ataajiri mtafunaji. Watu wakacheka naye, mambo yakaanza kumrudia. Panya akaona.

Akasema, basi, imebaki kubeba. Babu analowanisha kitanda, lazima anyanyuliwe, ageuzwe, aoshwe. Na ngozi yake siku hizi ni kama ganda la kitunguu, ukiigusa vibaya inapasuka. Akanyosha viganja vyake vidogo, akawapitishia majirani wote. Kucha zimekatwa fyu, ukipapasa husikii kitu.

"Sasa tuone vya Bwana Chui."

Chui akaviweka viganja nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. Mama Mbuzi akasema avitoe. Akavitoa. Zikachomoza kucha, watoto wangu, kila moja mundu.

"Nitakuwa mwangalifu," akasema Chui.

"Hutaki kukata?" Panya akauliza. "Kumbeba mjomba wako, kucha za nini?"

Chui akazitazama kucha zake. Akawatazama wapiga kura wake. Nao wakawa wanamtazama, na wengine kati yao walikuwa wameanza kuwasogeza watoto nyuma ya miguu yao. Akapiga hesabu zake: kucha huota, nyumba ya matofali haioti. Na meno anayo. Akacheka kwa sauti, akakunja nne chini, akanyosha mkono. "Kata, binti. Kwa mjomba, nini kikubwa?"

Panya akaanza. Krik. Krik. Meno yake yalikuwa na ncha, na alitafuna bila kusita, japo kichwa chake chote kingeenea kwenye kiganja kimoja cha yule jamaa. Akamaliza mkono wa kulia, akamaliza wa kushoto, akahamia miguuni. Chui akauliza miguu inahusiana nini na kubeba. Panya akamjibu kwamba Babu huona baridi usiku, hulala miguuni pa mlezi. Majirani wakasema kweli, wazee ndivyo walivyo. Krik, krik, mpaka ya mwisho. Zikalala chini vumbini kama maganda ya karanga.

Chui akasimama. "Nimemaliza mitihani yako yote. Fungua mlango."

"Mlango wa nini?" akasema Panya. "Babu yule pale dirishani, anakusubiri. Nimeulegeza wavu. Panda umchukue, Bwana Chui, kupanda si ndiyo fani yenu?"

Chui akapandisha mabega. Ukuta gani huo, yeye ambaye amelala juu ya miti tangu utotoni? Akarudi nyuma, akakimbia, akaruka. Paa! Akaushika ukuta kwa mikono yote. Halafu ikasikika krrrrrrr, akateremka taratibu, kidevu kinaburuta matofali, mpaka chini.

Akaruka tena. Krrrrrrr.

Mara ya tatu alikuja kwa hasira, akafika karibu kabisa na dirisha, uso kwa uso na mzee. Babu, asiyeona vizuri, akanyosha mkono kumsalimia mpwa wake. Chui akaurukia mkono ule kwa meno, mdomo wazi, mbele ya mtaa mzima. Akakosa kwa unywele mmoja. Hakuwa na cha kujishikilia. Akaanguka kwa mgongo, pwaaa, vumbi likatimka.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa ameliona lile domo.

Vumbi lilipotulia, Mama Mbuzi alikuwa amesimama pale karibu, ameinamisha pembe. "Bwana mgombea," akasema, sauti ya chini kabisa. "Mwanangu wa kwanza alipotea kule korongoni. Ulikuja matangani ukala pilau yetu. Nyosha mikono tena tuione."

Chui akatazama mikono yake, mitupu kama ya Panya. Akatazama pembe. Nyuma ya zile pembe kulikuwa na pembe za wanawe, na za Nyati, na kwato za Punda. Akageuka. Alikimbia kampeni, akakimbia mtaa, akampita Fisi ambaye alikuwa ameshatangulia zamani.

Kikao kikaisha bila kufungwa. Panya akapenya chini ya mlango, akapanda hadi dirishani, akaanza kuukaza wavu fundo kwa fundo.

"Wameondoka?" Babu akauliza.

"Wameondoka."

"Alitaka kuning'ata, yule mtoto wa dada yangu."

"Ndiyo, Babu."

Mzee akalamba ule mkono. Kisha akasema kwamba kucha huota. Mwezi ujao zitakuwa pale pale.

"Zitaota," akasema Panya. "Na huu mlango utakuwa umefungwa. Utalia, utanitukana, nami nitakusikiliza mpaka umalize, na utakuwa umefungwa. Sogea huku, jua limehamia huku."

Babu akanung'unika neno moja baya sana ambalo siwaambii. Kisha akasogea.

Hadithi imeishia juani hapo, na fundisho lake beba mpaka nyumbani: anayekuja na maneno matamu kumchukua mzee wako, mpe kwanza kazi ya kumtunza, umwone.