Dubu wa Langoni na Kamba ya Siwema

Paukwa!

"Pakawa!"

Nyinyi wa nyuma mnaotafuna mahindi, sikuwasikia. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, hapo sawa. Kaeni kitako, na mtu asinikatize mpaka nimuulize. Hapo kale, mbali na huku kwetu, kwenye milima yenye baridi ya kugonganisha meno, palikuwa na nchi iliyoitwa Tamalaki. Nchi hiyo ilikuwa na dubu. Dubu mnamjua?

"Hatumjui, bibi."

Mtamjulia wapi, na huku hayupo? Dubu ni mnyama wa manyoya ya kahawia. Ana kifua kipana, ana makucha marefu kama vidole vyangu hivi, na akitaka husimama kwa miguu miwili kama mtu. Ni mkubwa. Ukubwa wake ndio hadithi yenyewe, kwa hiyo msinitangulie.

Mfalme wa Tamalaki aliitwa Kibindo. Langoni kwake alisimamisha dubu aliyekufa zamani. Ngozi ilijazwa nyasi kavu, macho yalikuwa vigae vyeusi, mikono ilikuwa juu kama anayetaka kuangusha paa. Miguuni paliwekwa majani mabichi, ionekane kwamba ametoka msituni sasa hivi. Ukimtazama, lazima uinue shingo mpaka kofia ianguke. Na mlinzi wa lango kazi yake ilikuwa kuwaambia wapitao kwamba dubu wote wa mlimani ni kimo hicho hicho, na wengine wanazidi. Sasa sikilizeni. Dhiraa ni hapa, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole. Nikisema dubu wa langoni, nyinyi semeni dhiraa kumi. Dubu wa langoni?

"Dhiraa kumi!"

Basi katika kijiji cha Vumbini alikaa mama mmoja, jina lake Siwema. Kazi yake ilikuwa kuwamba ngoma. Mvua ilikuwa imegoma mwaka wa kwanza, ikagoma wa pili, ikagoma wa tatu. Mbuzi wa Siwema walikuwa kumi na wawili, wakabaki watatu, na hao watatu mbavu unazihesabu. Alikuwa na binti mdogo, Mwatumu, ambaye kila asubuhi aliomba maziwa, na kila asubuhi aliambiwa kesho. Mtoto alikuwa anakonda, na mama yake alikuwa anaona.

Na majani yalikuwepo! Ng'ambo ya mlima, ukipita njia nyembamba ya Pengoni, kulikuwa na bonde ambalo nyasi zake zinafika magotini. Lakini Pengoni ndiko kwa dubu. Mara mbili wanaume wa Vumbini walichukua mikuki wakasema leo liwalo na liwe. Mara mbili walifika langoni kwa mfalme, wakamtazama yule dubu, wakarudi nyumbani wakisema miguu inawauma. Kwa nini walirudi? Dubu wa langoni?

"Dhiraa kumi!"

Siwema akachoka kusikia. Akaenda kumtazama mwenyewe. Wengine walimtazama dubu meno, yeye alimtazama ngozi, maana ngozi ndiyo aliyoijua. Akaona shingoni manyoya yamekaa mbalimbali, moja huku, moja kule. Akashtuka. Ngozi ya mbuzi mmoja ukiiloweka ukaivuta kwa nguvu, inaweza kufunika ngoma ya mbuzi wawili, lakini manyoya hayaongezeki. Akainama aone chini ya yale majani miguuni kuna nini. Mlinzi akamfukuza kwa fimbo. Siwema akarudi kwao. Alikuwa ameanza kushuku, lakini shaka haimnyweshi mtoto maziwa.

Alipofika nyumbani alichukua kamba yake ya kuwambia ngoma, ndefu, yenye fundo kila dhiraa. Akamwacha Mwatumu kwa jirani, akapanda Pengoni peke yake. Aliogopa? Aliogopa sana, watoto, msidanganyike. Kila jiwe alidhani ni dubu. Kila kichaka alidhani ni dubu. Alipofika kwenye njia nyembamba, akasimama, akafanya alilofundishwa na mama yake afanye penye nyumba ya mtu.

"Hodi wenyewe," akasema.

Akainua sauti.

"Hodi tena."

Nyuma ya mti wa matunda, kisiki kimoja cha kahawia kikainuka. Kumbe hakikuwa kisiki, alikuwa dubu, mdomo umejaa matunda.

"Karibu, mama," dubu akasema. "Nimeishi hapa miaka ishirini, hakuna aliyewahi kunibishia hodi. Unataka nini?"

Siwema akainua kamba yake. Akamwambia haja yake ni ndogo: anaomba kumpima. Dubu akaona ajabu, lakini hakuwa na haraka. Akasimama kwa miguu miwili, akaegemea mti, na Siwema akapanda juu ya jiwe kubwa na kamba yake. Hebu mhesabieni.

"Moja! Mbili! Tatu! Nne! Tano! Sita!"

Dhiraa sita, kutoka kisigino mpaka utosini. Siwema akapima tena, zikawa zile zile sita. Akapima kiganja cha dubu pia, akafunga uzi mwekundu kwenye kamba kilipoishia. Kisha akauliza kwa adabu kama ana ndugu waliomzidi.

Dubu akasema katika milima yote hii hakuna mkubwa kuliko yeye. Siwema akamweleza habari za yule wa langoni, alivyosimama, alivyo na alama nyeupe kifuani. Dubu akaacha kutafuna.

"Yule ni bibi yangu," akasema. "Alikuwa ananifika hapa begani."

Akakasirika, na alikuwa na haki. Akasema yeye ni mkubwa wa kutosha. Akimpiga mtu kofi moja, mtu huyo hainuki tena, kwa hiyo hahitaji kuongezewa na mfalme. Akasema pia ng'ombe wa Kibindo wanapita hapo kila mwaka kwenda bondeni. Wachungaji wao huja wakiimba kwa sauti, naye akiwasikia huwapisha njia na kwenda kula matunda yake. Wanaokuja kwa kunyemelea ndio humshtua, na majike wenye watoto hawapendi kusogelewa. Basi.

Siwema akahisi damu imemchemka. Kumbe nyasi zilikuwa zinaliwa! Mbuzi wao walikuwa wanakufa Vumbini, na ng'ombe wa mfalme walikuwa wananenepa ng'ambo. Akamshukuru yule mnyama mkubwa, naye dubu akamwomba neno moja tu, kwamba bibi yake arudishwe mlimani.

Sasa ataaminiwa na nani? Mwanamke mmoja na kamba yake, mbele ya mfalme? Tulieni. Kule Tamalaki walikuwa na mila yao. Kila mwaka mpya ngoma kuu iliwambwa ngozi mpya mbele ya lango, watu wote wakitazama. Tangu mwambaji anaposhika kamba mpaka anapopiga pigo la kwanza, hakuna ruhusa ya mtu mwingine kusema wala kusogea. Ni yeye tu anayesema, kwa sababu lazima ahesabu. Hata mfalme hukaa kimya. Akiivunja mila hiyo, ngoma haimtambui tena, na mfalme asiyetambuliwa na ngoma ni mtu kama mimi na wewe. Na mwambaji wa mwaka ule alikuwa nani?

"Siwema!"

Nani mwingine! Siku ikafika. Uwanja ukajaa. Mfalme Kibindo akakaa kwenye kiti, tumbo mbele. Siwema akawamba ngoma vizuri kama kawaida, akavuta, akakaza, akafunga. Ikabaki kupigwa tu. Hakuipiga. Akaikokota kamba yake, huyoo, mpaka kwa dubu wa langoni.

Mlinzi akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Mfalme akavimba uso, lakini hakunyanyua hata kidole. Siwema akaegemeza ngazi ya mlinzi ukutani, akapanda, akapima kutoka ncha ya kucha mpaka ardhini.

"Kumi," akasema, na uwanja wote ukasikia.

Akashuka, akayaondoa majani miguuni. Chini yake palikuwa na sanduku la mbao. Akalipima. Mbili. Zikabaki ngapi?

"Nane!"

Akapanda tena, akapima kutoka kucha mpaka utosini, akawaonyesha watu: mwenye kuinua mikono, mikono yake si kimo chake. Mbili. Zikabaki?

"Sita!"

Akatoa kisu chake, akakata mshono wa shingo. Nyasi zikamwagika, na ile shingo ndefu iliyovutwa ikakunjamana, kichwa kikashuka dhiraa nzima mbele ya macho ya watu. Zikabaki?

"Tano!"

Kisha akanyoosha kamba juu ya kiganja cha dubu. Akasema kwa sauti kwamba ule uzi mwekundu ni kiganja cha dubu mkubwa kuliko wote Pengoni, naye ana dhiraa sita, amempima kwa mkono wake mwenyewe. Kiganja cha wa langoni hakikuufikia uzi.

Watu wa Vumbini walikuwa wamesimama pale, wale wanaume wa mikuki miongoni mwao. Hawakuruhusiwa kusema, lakini machozi hayana mila. Siwema akarudi kwenye ngoma, akainua mkono, akapiga pigo moja.

"Ngozi ya ngoma imekaza, mfalme wangu," akasema. "Ya dubu imelegea. Na njia ya ng'ombe wako ni njia ya mbuzi wetu."

Kibindo sasa alikuwa na ruhusa ya kusema. Akasimama, akakohoa, akatengeneza joho, akaanza. Lakini alisema na nani? Watu walikuwa wamekwisha kumpa mgongo, wanakimbilia makwao kufungua mazizi.

Wakapanda Pengoni kijiji kizima, mbuzi mbele, wakiimba mpaka milima ikaitikia. Ngozi ya bibi yake dubu waliibeba mabegani, wakaizika pale kwenye mti wa matunda. Dubu mwenyewe akasimama juu ya mwamba akiwatazama. Watoto wakamwona ni mkubwa, mkubwa kweli, dhiraa zake sita zote. Wakakaa mbali naye, wakaimba zaidi, wakapita.

Siku chache baadaye, ng'ambo bondeni, Siwema alikamua mbuzi wake, akampa Mwatumu kibuyu. Mtoto akanywa mpaka mwisho. Akaomba tena, na yalikuwepo.

Basi wanangu, mtu akiwazuia njia kwa kitu cha kutisha, nendeni mkakipime. Mkikuta ni kidogo, piteni. Mkikuta ni kikubwa kweli, bisheni hodi, mpite kwa heshima. Hadithi yangu, kamba yake imeishia hapo.