Jina la Binti wa Isapo

Hapo zamani, na si zamani za mbali, ni zamani za juzijuzi tu, simu zilipokuwa zimeanza kuwa na akili kuliko wenye nazo, palikuwa na marafiki wanne waliocheza netiboli pamoja tangu shuleni. Walicheza hadi magoti yakazeeka. Mpira wakauacha, lakini wao hawakuachana.

Wa kwanza alikuwa Kandida, mtunza ghala wa hospitali moja mjini Morogoro. Kandida alikuwa mtu wa mpango. Hata sukari nyumbani kwake ilikuwa na siku yake ya kununuliwa. Alizaa wavulana watatu, na wote watatu walipewa majina na wakwe zake, yeye akaambulia kuwaita tu.

Wa pili alikuwa Stamili, fundi cherehani, mtu wa maneno na vicheko, ambaye hajawahi kufika mahali kwa wakati isipokuwa siku aliyozaliwa, na hata hiyo mama yake anaikanusha.

Wa tatu alikuwa Mwajabu, muuza vyungu sokoni. Simu yake ilikuwa kitochi cha vibonye, kimezungushiwa mpira kisifunguke tumbo. Mwajabu alikuwa akisema, "Simu ni ya kupigiana. Ya kutazamia, mimi nina macho."

Na wa nne alikuwa Tupokigwe, aliyeolewa mbali, huko kwenye milima ya baridi upande wa Makete, na mkulima wa viazi aitwaye Lameki. Wenzake walimwita Tupo.

Basi ikaja habari kwamba Tupo, baada ya miaka tisa ya ndoa na mimba mbili zilizoharibika, ni mjamzito, na safari hii mimba imekaa. Miezi inakaribia minane.

"Twendeni tukamwone," alisema Kandida. "Twende kabla hajajifungua, tumshtukize. Mipango niachieni mimi."

Wakamwachia. Wangefanyaje?

Kandida akafungua kundi la WhatsApp, akaliita "Safari ya kwa Tupo". Tupo hakuwekwa, maana safari ilikuwa siri. Mwajabu hakuwekwa, maana kitochi hakiijui WhatsApp. Kundi likabaki na watu wawili, yeye na Stamili, na Kandida akajitangaza kuwa msimamizi wa kundi.

Kisha akaweka kura ya tarehe. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Jumamosi ya pili, au Jumamosi ya tatu? Yeye akachagua ya kwanza. Stamili akachagua zote tatu.

"Ndiyo nini hiyo?" Kandida akaandika.

"Zote nzuri, shoga yangu. Nizibague kwa kosa gani?"

Kandida akampigia Mwajabu, naye apate haki yake ya kura. Mwajabu akasema, "Siku mkinipitia mtanikuta nimevaa." Kandida akajumlisha, akatangaza kwamba Jumamosi ya kwanza imeshinda kwa kishindo.

Akatengeneza na jedwali la mtandaoni ambalo wote wawili waliweza kulisoma na kuandika ndani yake. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kupanda basi. Saa mbili na dakika kumi, chai. Saa nne kasorobo, kujisaidia. Stamili akaandika pembeni, "Na nikibanwa saa tatu?" Kandida akafuta. Stamili akaandika tena. Kandida akamnyang'anya ruhusa ya kuandika, akamwachia ya kusoma tu.

Mwisho akaitafuta Isapo, kijiji cha Tupo, kwenye ramani ya simu. Ikatokea, nukta ndogo katikati ya milima. Akaiwekea alama nyekundu, moyo ukamtulia.

"Umemuuliza mtu anayeijua?" Mwajabu akamhoji kwa simu.

"Nimuulize nani na safari ni siri? Ramani inajua, Mwajabu."

Siku tatu kabla ya safari, Stamili alituma ujumbe wa sauti wa dakika sita. Dakika tano za kwanza alisalimia na kumsema paka wake. Dakika ya sita akasema ameletewa magauni manane ya wasimamizi wa harusi, hawezi kuondoka, tafadhali wasogeze mbele wiki moja.

Kandida hakujibu kwa maneno. Alituma nukta. Nukta moja, basi. Kisha akakaa, akaandika jedwali lote upya, na kila mstari aliouandika alimtaja Stamili moyoni, na si kwa kumwombea.

Wakaondoka Ijumaa ya wiki ya pili, wakalala Njombe, na Jumamosi asubuhi wakakodi gari aina ya Noah. Kiti cha nyuma kilijaa zawadi: beseni kubwa la kumwogeshea mtoto, mablanketi, kanga, chungu cha uji. Kandida akakaa mbele na simu mkononi. Yule mama wa ndani ya simu akawa anaelekeza, geuka kulia, geuka kushoto, na dereva anageuka. Wakapanda milima, wakapita mashamba ya pareto na misitu ya misonobari, ukungu ukawafunika hadi vioo vikatoka jasho. Saa tano na nusu mama wa simu akasema, "Umefika."

Walikuwa wamefika, ila hawakujua wapi. Palikuwa na kanisa, mashine ya kusaga na zahanati. Wakamuuliza kijana wa mashine kuhusu nyumba ya Lameki. Akasema hapa hakuna Lameki.

Kandida akaiuliza simu tena. Simu ikazunguka, ikazunguka, mwisho ikaonyesha Isapo nyingine, mwendo wa saa tatu kurudi walikotoka.

"Umetupoteza," alisema Stamili.

"Mimi sijampoteza mtu. Tungekuja Jumamosi iliyopita kusingekuwa na ukungu huu, dereva angeona njia. Kosa ni la magauni yako."

"Magauni yangu hayakuweka alama nyekundu kwenye ramani. Kosa ni la kidole chako."

"Na Mwajabu naye, angekuwa na simu ya maana tungekuwa na ramani tatu!"

Mwajabu hakusikia. Alikuwa ameshateremka, amechuchumaa kando ya mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua viazi vya mbegu, anamsaidia kuchambua huku akimuuliza mambo.

"Mwajabu, panda gari!" Kandida akaita. "Tunageuza!"

"Kuuliza si ujinga," Mwajabu akajibu bila kugeuka.

Aliporudi hakuwa peke yake. Alikuwa na nesi wa zahanati ile, jina lake Atuganile.

"Isapo za huku ziko mbili, na hiyo ya simu si mojawapo," nesi akasema. "Ya Lameki iko nyuma ya mlima huu, kwa gari ni dakika arobaini. Huyo Tupokigwe ni mtu wangu wa kliniki. Alitakiwa aje Alhamisi, hakuja."

"Na hukushtuka?" Mwajabu akauliza.

"Nilishtuka, dada. Nimepanga kumfuata Jumatatu. Wiki nzima iliyopita nilikuwa kwenye mafunzo Iringa, nimerudi nikakuta wagonjwa wamepanga foleni."

Mwajabu akamtazama. "Jumatatu ni mbali. Chukua mkoba wako, twende kwake sasa."

"Labda ana mafua tu."

"Akiwa na mafua tutakunywa chai turudi. Chukua mkoba, dada yangu, nakuomba."

Kandida akatazama jedwali. Walikuwa wamechelewa saa moja na nusu, na mahali pa kumweka mtu wa ziada hapakuwapo. Akafungua mdomo aseme hivyo. Mwajabu akalitoa beseni kiti cha nyuma, akampakatisha. Kandida akasafiri dakika arobaini amekumbatia beseni, haoni mbele, haoni na simu.

Walipofika, mama mkwe wa Tupo alikuwa mlangoni, rangi imemtoka.

"Shikamoo, mama," walisema wote.

"Marahaba, wanangu. Nyie ni nani? Basi, wowote mlio, ingieni."

Tupo alikuwa na uchungu tangu alfajiri, mwezi mzima kabla ya wakati. Lameki alikuwa Makambako na mzigo wa viazi. Simu ya nyumbani haikuwa na chaji. Jirani alikuwa ametumwa kwa miguu kumfuata nesi, na kwa njia ile ya mlima asingerudi naye kabla ya jioni.

Tupo alipowaona hakushtuka kama walivyopanga. Alilia tu. Kandida akalitupa beseni, akamshika mkono. Kule ghalani kwake aliijua idadi ya glavu zote, pamba zote na nyuzi zote za kushonea, lakini hajawahi kuona zikitumika. Siku ile aliziona. Mtoto alitoka na kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili, wa buluu, kimya. Nesi Atuganile akakifungua kitovu, akamvuta ute puani, akamsugua mgongo. Kimya. Akamsugua tena. Akamsugua tena, na mtoto akalia.

Wote wakalia naye. Alikuwa binti.

"Nusu saa zaidi," nesi alisema akinawa mikono, "ningekuwa nimekuja kutoa pole."

Marafiki wakaahirisha kurudi. Kandida mwenyewe alilifuta jedwali, na hakuna aliyemwomba. Siku ya tano kitovu kikadondoka, na Lameki alikuwa amerudi, anacheka peke yake uani. Mama mkwe akawaita wote ndani.

"Katika nyumba hii," akasema, "jina hulitoa mama wa baba, na mama wa baba ni mimi. Jina nililokuwa nalo nimeliweka chini. Huyu ataitwa jina la mwanamke aliyemfikisha nesi mlangoni pangu siku ile. Ila mtoto ni mmoja na jina ni moja. Sitaki jina refu kama treni. Semeni, ni nani?"

"Ni nesi mwenyewe!" Lameki akadakia.

Nesi Atuganile, aliyekuja kumpima mtoto, akatikisa kichwa. "Mimi nitoeni. Bonde hili lina Atuganile kumi na moja. Mwalimu wa shule ya msingi ameshanilalamikia."

Basi wakatazamana wale watatu. Na hapo ndipo mambo yalipogeuka, maana kosa ambalo ndani ya Noah kila mmoja alimtupia mwenzake, sasa kila mmoja alilitaka liwe lake.

Kandida akaanza. Wanawe watatu waliitwa kwa matakwa ya watu wengine, na huyu binti, tangu alipomshika, alikuwa akimwita kwa siri jina moja, nalo lilikuwa lake mwenyewe.

"Ni mimi," alisema. "Alama nyekundu niliiweka mimi. Ningeiweka panapostahili, tungekuja moja kwa moja hapa, watu watatu na beseni, bila nesi. Tungemshika Tupo mkono na kumtazama mtoto akituponyoka. Nesi tumempata kwa sababu niliwapoteza. Kupotea njia ndiko kujua njia."

"Kwa hiyo ulitupoteza?" Stamili akauliza polepole, kwa utamu. "Naomba uliseme tena, mama asikie vizuri."

"Niliwapoteza," Kandida akasema. "Niliwapoteza mimi, peke yangu."

Stamili akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, ni mimi. Kandida alipanga tuje Jumamosi ya kwanza. Tungekuja siku hiyo, tungemkuta Tupo anamenya viazi. Tungekula, tungepiga picha, tungerudi Morogoro kulingana na jedwali. Nesi siku hiyo alikuwa Iringa. Jumamosi ya pili Tupo angebaki peke yake. Aliyesogeza siku ni mimi na magauni yangu manane, na kwa hilo nilitumiwa nukta. Kawia ufike, mama. Sisi tulikawia, tukafika."

Ikabaki zamu ya Mwajabu. Aliinamisha kichwa kwanza.

"Sikutaka kusema, lakini jina la mtoto si kitu cha kuachia hivihivi. Alama ilitufikisha penye zahanati, ni kweli, lakini Kandida alishasema tunageuza. Siku ilikuwa ndiyo yenyewe, ni kweli, lakini Stamili alikuwa ndani ya gari anagombana. Nesi alikuwa hatua ishirini kutoka kwetu na hakuna aliyemwona. Niliyeshuka ni mimi. Niliyeuliza ni mimi. Yeye alisema Jumatatu, mimi nikasema sasa."

"Lakini usingekuwa na wa kumuuliza kama nisingekupeleka pale," alisema Kandida.

"Na ungemuuliza nani, naye yuko Iringa?" alisema Stamili.

"Na ninyi mngekuwa mmefika wapi?" alisema Mwajabu. "Mngekuwa mnageuza mpaka leo."

Tupo, kitandani, alicheka hadi akashika tumbo, akawaomba waache, mshono unauma. Walipomtaka yeye aamue, akasema, "Mimi yangu niliyamaliza kwa kusukuma. Amueni wenyewe."

Mama mkwe alimtazama Kandida, akamtazama Stamili, akamtazama Mwajabu, akashusha pumzi. Nesi Atuganile akafungua kadi mpya ya kliniki juu ya goti. Akaandika tarehe. Akaandika uzito. Akafika penye mstari wa jina, akainua kalamu, akasubiri.

Nyinyi mliokaa hapa mmesikia yote, na wala hamkuwa ndani ya Noah ile hata msemwe mnapendelea upande. Mmoja alimpata nesi kwa kupotea, mmoja alimpata kwa kuchelewa, na mmoja alimpata kwa kuuliza. Na ukimwondoa yeyote kati yao, mtoto hayupo. Kalamu iko juu, wino unakauka, na mtoto anataka kuitwa.

Je, binti wa Isapo aandikwe Kandida, aandikwe Stamili, au aandikwe Mwajabu? Nani alistahili?